Tupeane uzoefu: mnamkumbukaje mwenzenu wa darasani aliyetangulia mapema?

Kisosora77
Wakuu, salaam. Darasa letu limebaki na watu 26 kwenye kundi. Mwezi ujao mwenzetu anatimiza mwaka tangu atangulie. Alikuwa na selimundu tangu utotoni, kafariki na miaka 24, hakuoa, hana mtoto. Kulia tumeshalia. Hapa nataka namna: khitma (kisomo cha Qurani nzima kwa marehemu) inapangwaje, sadaka gani inadumu, kaburi linaguswa lini, na watu huharibu wapi. Mwenye ujuzi amwage. Mwenye simulizi za maisha yake aziweke akiba kwanza.

Juzuu Thelathini
Anzeni na tarehe, maana ugomvi wa kwanza ni hapo. Mnahesabu Miladia au Hijria? Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo unatangulia ule wa kalenda ya ukutani kwa siku 10 hadi 12. Halafu, alifariki saa ngapi? Kama ni Alhamisi baada ya magharibi, huo kwa hesabu yetu tayari ni usiku wa Ijumaa. Ndiyo unakuta shangazi kaumua maandazi siku hii, mjomba kakodi turubai siku ile, na wote wawili hesabu zao ni sawa. Muulizeni mama wa marehemu wao wanahesabu vipi, mfuate yake.

Khitma sasa. Juzuu 30, nyie 26, wanne watabeba mbilimbili. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, kila juzuu ni kama kurasa 20. Msomaji mwepesi anamaliza kwa dakika 30 au 40. Aliyeiacha madrasa miaka kumi iliyopita atataka saa nzima na ushei. Kwa hiyo msigawane juzuu mlangoni saa 10 alasiri mkitegemea dua kabla ya magharibi, haitawezekana. Gaweni wiki moja kabla, jina mbele ya namba, kila mtu asome kwake. Siku yenyewe mnakutana kwa Yasin, dua na sinia. Msiruhusu mtu ajiandikie "yoyote tu". Mwisho wake Amma, juzuu ya mwisho yenye sura fupi, inasomwa na watu tisa na Baqara inabaki yatima.

Hoja Tu
Shekhe, khitma ya mwaka dalili yake kwenye dini iko wapi? Marehemu anahitaji dua na sadaka, si pilau.

Juzuu Thelathini
Yameanza.

Sufuria Kubwa
Asiyetaka pilau aache sinia, wapo watakaoisogeza.

Hoja Tu
Sikusema sili. Nimeuliza dalili.

Bi Ubani
Nyie mabwana, mjadala huo hapa Tanga, Ngamiani, umewakuta babu zenu na utawazika nyie. Nyumba ya marehemu ndiyo inayoamua. Wazazi wake kama hawasomi khitma, darasa haliwapelekei khitma kwa nguvu eti kwa kuwa mmeshachanga. Toeni sadaka, ombeni dua, ageni. Kama wanasoma, mwenye shaka yake aje abebe viti, dhambi haimo.

Sufuria Kubwa
Haya, sehemu yangu. Watu 80: mchele kilo 12, nyama kilo 10, vitunguu maji kilo 3, mbatata kilo 4, mafuta lita 2, thomu na tangawizi robo robo, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Kilo 1 ya mchele inashibisha watu 6 hadi 7 wa Tanga. Sinia moja watu 5, kwa hiyo sinia 16, na azima 18, maana wapo watakaokuja na watoto.

Msipike kilo 12 kwenye sufuria moja. Chini itashika, katikati itakuwa bokoboko, juu itabaki na kiini. Gawa mbili za kilo 6. Kitunguu kikaangwe mpaka kiwe rangi ya kahawa, kikiwa cheupe pilau linatoka limepauka kama la wagonjwa. Supu ya nyama ihesabiwe ndani ya maji, hapo ndipo wengi huharibu: wanapima maji kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele, halafu wanamimina na supu juu yake. Mchele mpya unakunywa maji machache zaidi, jaribu na kikombe kimoja siku moja kabla. Maji yakishakauka, punguza moto chini, palia makaa juu ya mfuniko, dakika 25 usifunue. Anayefunua "kuangalia kidogo" afukuzwe jikoni hata kama ni wifi.

Popo wa Barabara ya Saba
Tanga waja leo waondoka leo, lakini hawaondoki kabla ya sinia.

Nusu Shilingi
Pilau litapikwa kwa pesa gani? Nimeshika madaftari ya michango mingi, sikilizeni. Laini ya kupokelea isiwe ya mtu mwenye deni la mkopo wa simu. Mchango ukiingia deni linajikata lenyewe, na mshika fedha anaonekana mwizi wakati hajagusa kitu. Tafuteni laini safi ya mtu asiyekopa. Mmoja ashike simu, mwingine ashike daftari, na wasiwe mke na mume. Kila jioni saa 2 daftari lipigwe picha liwekwe kundini: jina, kiasi, jumla. Msiandike "amechanga chochote", andikeni namba. Gharama za kutolea pesa zihesabiwe mapema, maana hizo ndizo zinazokula nyama kilo 1. Na wekeni siku ya kufunga, siku 5 kabla. Ahadi si mchango. Nunueni kwa kilichoingia.

Dada wa Chuda
Ahadi si mchango. Iandikwe ukutani hii.

Bi Ubani
Niandike la kwenda kwa mama yake, maana hapo ndipo panapoharibika na hapasafishiki.

Vijana huenda wote 26 kwa bodaboda na daladala, wanaingia kwa kishindo, wenye watoto mgongoni, wenye pete mpya. Yule mama anawaangalia mmoja mmoja na kuhesabu. Msifanye hivyo. Tangulizeni watu 4 au 5 siku mbili tatu kabla, wawemo wasichana wawili ambao mama anawajua kwa majina. Wasichana waingie ndani, wavulana wabaki barazani na baba au mjomba. Mkono wa pole, mnaposema ubani, uwe kwenye bahasha, apewe shangazi au dada mkubwa, si mama mwenyewe. Mkienda na vitu, sukari kilo 5, majani ya chai na sabuni za kufulia zinatosha. Semeni poleni, ombeni dua, nyamazeni. Maneno "angekuwepo leo angekuwa naye kaoa" ni kisu. "Mungu anawapenda wema" kayasikia mwaka mzima.

Sasa lile baya kuliko yote. Kuna kundi moja la shule, huku huku mjini, walikusanya sauti za marehemu kutoka kwenye simu zao: ujumbe wa utani, kuimba, kulalamika njaa bwenini. Wakaziunganisha. Wazo lilikuwa zuri. Siku ya dua wakakodi spika ile ya harusini na kuiweka uani, na aliyepangiwa kuomba ruhusa ndani alidhani mwenzake ameshaomba. Baada ya kula, bila tangazo, wakaiwasha. Sauti ikatoka kubwa nyumba ya tatu inasikia: "Mama ee, naja, niwekee chai." Mama alikuwa chumbani anavua mtandio. Akatoka mbio kapiga kanga moja, anaitikia "abee", kafika mpaka uani katikati ya wanaume kabla miguu haijamwambia. Mdogo wake marehemu, wa darasa la tatu, akakimbilia mlango wa barabarani kumpokea kaka yake. Spika ikazimwa. Haikusaidia. Shughuli ikavunjika palepale, masinia yakarudishwa na pilau ndani.

Kwa hiyo: sauti na video hazichezwi hadharani. Zikusanyeni, ziwekeni kwenye kadi ya kumbukumbu, mpeni kaka au dada yake mkononi mkimwambia ndani kuna nini. Mama atasikiliza siku yake, mlango umefungwa, au hatasikiliza kabisa.

Dada wa Chuda
Bi mkubwa, hiyo "abee" imenikaa.

Mtu wa Simu
Ongezeni na hili la namba. Kundi jingine walikuwa na namba ya marehemu kwenye simu zao, imehifadhiwa kwa jina lake la utani. Karibu mwaka umepita, saa 5 usiku, simu kumi na kitu zinalia kwa mpigo: "Fulani amejiunga na Telegram." Jina lake lile lile.

Popo wa Barabara ya Saba
Tanga hii! Mtu wa Simu, leo nalala na taa.

Hoja Tu
Astaghafirullah. Walimjibu?

Mtu wa Simu
Mmoja alipiga. Ikapokelewa na kijana anapakia machungwa Muheza, kasajili laini wiki ile ile, hajui habari.

Sufuria Kubwa
Namba ilitakiwa ifukizwe ubani kwanza.

Popo wa Barabara ya Saba
Kijana wa Muheza naye achangie mchele, si kashajiunga?

Mtu wa Simu
Chekeni, lakini haina jini hata moja. Laini isipotumika muda mrefu kampuni huirudisha sokoni na kuiuza upya. Programu inasoma namba, haimjui mtu, jina linatoka kwenye simu yako wewe. WhatsApp nayo hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika. Kwa hiyo mkitaka kuhifadhi mazungumzo, hifadhini mapema, kila mmoja kwenye simu yake. Familia iende duka la kampuni ya simu na cheti cha kifo, laini ifungwe au ishughulikiwe kihalali. Pesa iliyomo kwenye simu ya marehemu ni mirathi, hutolewa kwa msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Rafiki anayeijua namba ya siri asitoe hata mia, hata kama ni ya kununulia sanda. Na namba yenyewe, futeni.

Dada wa Chuda
Usifute. Badilisha jina tu, andika "namba ya zamani ya fulani".

Mtu wa Simu
Halafu siku moja uipige kwa bahati mbaya?

Fundi Pongwe
Mmeliacha kaburi. Kaburi la pwani hushuka. Udongo wetu una mchanga mwingi, na viunza, mbao za kufunikia maiti kaburini, vikioza juu hufuata. Ukisakafia miezi miwili baada ya maziko, masika ya kwanza inakupasulia katikati. Subiri masika ipite, kuanzia Machi mpaka Mei, jaza palipozama, shindilia, ndipo ufikirie. Kwa Waislamu wanaofuata katazo la kujengea, jiwe la kichwani na kupandisha udongo vinatosha, hapo kazi yenu ni majembe 3 na asubuhi moja. Kwa wanaojenga: saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 4 kwenye plasta, na mchanga uwe wa mto. Wa baharini ni wa bure lakini una chumvi. Utatoa ungaunga mweupe ukutani na nondo italiwa ndani kwa ndani. Mji unapika saruji Pongwe hapo, halafu mtu anaiharibu kwa mchanga wa bure.

Maandishi ya rangi hupauka, kibao cha bati huliwa na kutu. Chora kwa msumari wa inchi 4 kwenye saruji inayoanza kushika, si ikiwa bado uji. Jina na mwaka viandikwe kwanza kwenye karatasi, baba yake avihakiki kwa cheti. Shuleni mlimwita jina lake kwa tahajia ya mwalimu, nyumbani huenda ni nyingine. Na msiende makaburini bila ndugu yake, mtafyeka na kusafisha la mtu mwingine.

Mwana Bagamoyo
Kwa Wakatoliki ni fupi: nenda ofisi ya parokia mapema, andikisha nia ya misa kwa jina la ubatizo. Jina la utani likisomwa altareni kanisa zima linageuka.

Muuguzi Mstaafu
Kijana alikuwa na selimundu, bila shaka alishawekewa damu za watu asiowajua. Rudisheni. Kitengo cha damu pale hospitali ya Bombo kielezwe wiki moja kabla kwamba mnakuja wengi, mifuko iandaliwe. Umri 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, kila mmoja hutoa kama mililita 450. Mwanaume hurudia baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Muwe mmekula na mmekunywa maji ya kutosha. Mkija na funga ya sunna mtaanguka mmoja mmoja kwenye foleni, na aliyeshuhudia mwenzake anaanguka naye huanguka.

Nusu Shilingi
Hii haina gharama ya kutolea. Naunga mkono.

Hoja Tu
Na mimi. Hii dalili siiulizi. Hakuacha mtoto wa kumuombea, basi sadaka yenye kuendelea iwe yenu. Pesa ikizidi, tangi la maji la lita 1,000 shuleni, lisimame juu ya msingi wa matofali, koki ya chuma maana ya plastiki haimalizi muhula. Makabidhiano yaandikwe na mkuu wa shule aliingize kwenye leja ya vifaa. Kisichokuwa kwenye leja huhama na mtu.

Kisosora77
Ahsanteni wakuu. Nimeongea na mama yake. Wanasoma, na hesabu yao ni Hijria, kwa hiyo siku zimepungua. Sauti tutampa dada yake. Damu ni Jumamosi, waliojiandikisha 17. Juzuu zimebaki ya 14, 22 na 23.

Popo wa Barabara ya Saba
Nipe 23, nipate kumsomea Yasin.

Juzuu Thelathini
Yasin imeanzia ya 22. Aya 27 za mwanzo ziko huko, 23 inaanza na ya 28.

Popo wa Barabara ya Saba
Basi niandikeni zote mbili.