Maji tunayatia kidonge, watoto bado wanaharisha. Tuyatunzeje?

Wa_Tandahimba: Habari zenu wakuu. Huku nyanda za Makonde tunakunywa maji ya mvua ya kisima cha nyumbani. Tunatia kidonge cha klorini kwenye ndoo ya lita 20, tunasubiri nusu saa, kisha tunamimina mtungini na kuchota kwa kata. Watoto wanaharisha hata hivyo, na vidonge havijaisha muda. Tunakosea wapi? Na maji yaliyotiwa dawa yanafaa kwa siku ngapi?

FundiKoki: Mkuu, kidonge hakina kosa. Angalia mtungi na kata. Tembe yenye miligramu 67 za NaDCC (chumvi inayotoa klorini) kwenye lita 20 za maji maangavu inatoa klorini ya kama miligramu 2 kwa lita. Saa 24 baadaye inatakiwa ibaki angalau 0.2, maana hiyo ndiyo inayoua vijidudu vinavyoingia baadaye. Udongo wa mtungi unaila klorini haraka, na ule utelezi wa ndani unaimalizia. Hapo vidole vikigusa maji mara moja tu wakati wa kuchota, kuhara kumerudi.

Tumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki, na dawa utie humo humo. Tundu litoboe sentimita 5 hivi juu ya kitako, kwa kipande cha bomba la chuma kilichopashwa moto, chenye unene wa shingo ya koki. Tundu likizidi, itavuja hata ukaze vipi. Washa ya mpira (pete ya kuzuia kuvuja) moja nje, moja ndani, halafu nati. Kaza kwa mkono, spana hupasua ndoo. Jaza maji, yalale usiku kucha uone kama linadondoka tone.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukishakoroga dawa, fungua koki, kinga maji kikombe kimoja, uyamimine tena ndani ya ndoo, ndipo uhesabu dakika 30. Usipofanya hivyo, maji yaliyolala ndani ya koki hayapati dawa.

Na tafadhali sana, dumu lililobeba dawa ya mikorosho lisitumike kwa maji ya kunywa, hata lioshwe mara ngapi. Plastiki hunywa sumu.

Dada_Afya: Naongezea usafi. Ndoo ikiisha, sugua kwa sabuni na brashi laini. Mchanga hapana, unaacha mikwaruzo na utelezi unajificha humo. Kila wiki yeyusha vidonge vitatu kwenye lita moja, tikisa, pitisha kwenye koki, acha dakika 30, mwaga.

Maji yenye vumbi la bati au majani yachuje kwa khanga safi ya pamba, tabaka nne. Yakibaki na tope tia vidonge viwili. Mvua za mwanzo baada ya kiangazi zisiingie kisimani kabisa.

Tibu maji ya siku moja. Yaliyobaki yatie dawa upya au fulia. Ndoo ikae kivulini, jua linaharibu klorini.

Wa_Tandahimba: Asanteni sana. Na tukichemsha badala ya kidonge?

Dada_Afya: Yakitokota kwa nguvu dakika 1 yanatosha, ila hayabaki na kinga yoyote. Yapoe kwenye sufuria hiyo hiyo ikiwa imefunikwa, kisha yamimine kwenye ndoo ya koki iliyooshwa. Kwa sasa, ndugu yangu, wanaoharisha wape ORS (dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini) na uwapeleke zahanati wapewe zinki. Ukiona choo cha majimaji kama maji ya mchele, usisubiri kesho.