Naombeni ushauri: zulia limejaa vumbi na sina mashine ya kulinyonya (nipo Arusha)

Mama Pacha
Wakuu habari za jioni. Nina zulia la sebuleni, yale ya Kituruki ya manyoya mafupi. Nakaa Sakina ndani ndani huko, barabara yetu haina lami, gari likipita tu meza unaweza kuiandikia jina lako. Nafagia kila asubuhi kwa chelewa, lakini watoto wakirukaruka juu yake vumbi linafuka kana kwamba halijaguswa mwezi mzima. Mmoja mafua hayamwishi. Mashine kwa sasa siimudu. Kulipeleka kwa vijana wanaoosha magari naogopa, la jirani lilirudi linanuka. Halafu kuna doa la uji, na mahali mtoto kakojoa. Nyumba ya kupanga, uani tuna kamba moja wapangaji wote. Nifanyeje?

Kijana wa Kijenge
Uza zulia, nunua mkeka. Utanishukuru.

Dobi Mstaafu
Huyo mpuuze, Mama Pacha. Ila maji usiyaguse kwanza. Udongo wetu huku chini ya Meru ni wa volkano, vumbi lake laini mno. Ukilimwagia maji linageuka tope na kushuka kwenye mashina ya manyoya, basi hapo umelitafutia makazi ya kudumu. Litoe likiwa kavu.

Toa meza na makochi. Ligeuze zulia, manyoya yatazame sakafu. Lipigepige mgongoni kwa mpini wa fagio ukianzia katikati kwenda pembeni, usilikomoe. Likunje, uone mchanga uliobaki sakafuni. Zoa, litandaze tena vilevile, rudia mpaka sakafu ikikaribia kubaki safi. Chelewa inachukua makombo ya juu tu, mchanga unaokata nyuzi uko chini kabisa. Baada ya hapo ndipo ulitoe nje ulipige tena, mgongo huohuo. Kwenye kamba usilitundike, itakatika. Tafuta ukuta au bomba la geti.

Nywele na nyuzi zilizong'ang'ania, vuta kwa ule mpira wa kusukumia maji sakafuni, ukiwa mkavu, kwa mivuto mifupi ya upande mmoja. Utashangaa kinachotoka.

Mama Pacha
Asante sana baba. Na hayo madoa? Jirani kasema nimwagie magadi.

Shangazi wa Moshi
Mwanangu, magadi ya kuivishia maharage yaache jikoni! Hayo ya Ziwa Natron ni makali, yanaweza kula rangi, na kama zulia ni la sufu ndiyo kabisa unaliharibu. Unayotaka ni bekingi soda, ile ya keki. Bekingi pauda nayo siyo, ina wanga ndani.

Uji usiulowanishe kwa maji ya moto, unaweza kuzidi kushika. Uache ukauke, ukwangue kwa ukingo wa kijiko, kisha kitambaa chenye maji baridi na tone la sabuni ya vyombo. Gandamiza na kuinua, usisugue. Sabuni ya unga sipendi, isiposuuzwa ikaisha inabaki inanata na kukamata uchafu upya.

Kwenye mkojo changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Lowanisha kidogo, kausha kwa taulo ukilikanyaga kwa mguu. Likikauka kabisa ndipo unyunyize soda, ilale usiku mzima, asubuhi piga brashi. Vyote viwili kwa pamoja ni mapovu tu, vinauana nguvu. Na Jiki isikaribie hapo! Ikikutana na siki au mkojo inatoa hewa ya sumu, na ninyi mna watoto.

Kijana wa Kijenge
Haya nimenyamaza. Ila kufua kabisa je? Kuna watu wanafua zulia Julai hii, baridi yote hii.

Dobi Mstaafu
Ndiyo sababu la jirani lilinuka. Wanaoosha magari wanajua kumwaga maji, kuyatoa ndiyo shida. Lilikunjwa bichi. Masika usifue, na Juni na Julai jua la Arusha ni la kubahatisha. Subiri Januari au Februari. Ukilifua, litandaze kwenye mteremko, sukuma maji kwa mpira kufuata uelekeo wa manyoya mpaka yatoke meupe, kisha litundike na kuligeuza. Maji ya moto hapana, yanaweza kuachanisha gundi ya mgongoni. Usiliingize ndani mpaka ushike mgongo wake uukute mkavu, kushika manyoya peke yake kunadanganya.

Nesi Njiro
Mafua ya muda mrefu mpelekeni mtoto kituo cha afya, msibaki mnalaumu zulia. Wakati huohuo asilale chumba chenye zulia, na siku ya kulipiga asiwepo karibu.

Mama Pacha
Nimewaelewa wote. Jumamosi baba yao yupo, atashika upande mmoja. Siki ninayo tayari.

Shangazi wa Moshi
Jifungeni kanga puani. Na kabla hamjaanza angalieni upepo unakoelekea, muulizeni na jirani kama ana nguo kwenye hiyo kamba.