Naomba ushauri: kuongeza samaki wapya aina ya mbuna bila vita kwenye tangi

Wakuu habari, nina tangi la lita 200 lina mbuna wa Ziwa Nyasa, nataka kuongeza wengine ila hawa wenyeji wakorofi balaa, kila mmoja na jiwe lake. Kuelesha mfuko wa samaki wapya juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane najua, na yale maji ya dukani simwagi ndani. Shida ni karantini, yaani kuwatenga wapya kwanza, tangi la pili sina, je ndoo kubwa yenye filta ya sponji na pampu ya hewa inatosha wiki 3 au 4 nicheki kama watatoka vidoa vyeupe vya ugonjwa? Na siku ya kuwaingiza nipange mawe upya nizime na taa ili wenyeji wapoteze mipaka yao, au nawapa stresi bure? Waliofuga mbuna mnisaidie.