Pua ya karatasi inalegea nikiipaka rangi

Kijana_Malindi: Wakuu, natengeneza pua za roketi ndogo za mfano kwa manila, bomba lina kipenyo cha nje cha milimita 25. Nikipaka rangi mshono unafunguka na ncha inanywea. Nakosea wapi?

Kaskazi: Maji hayo. Gundi nyeupe imejaa maji, na kwa hewa yetu ya pwani haikauki upesi. Paka kiduchu kwa kijiti cha meno, bana mshono, acha mpaka kesho. Kisha dondoshea supaglu nyepesi ndani ya ncha; ikishika, pakaa nje sentimita 2 za juu. Inakuwa ngumu kama ukucha, hapo hata msasa wa 320 inauhimili. Fanyia uani, mvuke wake unachoma macho.

Fundi_Ngomeni: Kipimo je? Kwa pua yenye urefu wa milimita 75, chora duara la nusu kipenyo milimita 76, kata kipande cha nyuzi 59, ongeza milimita 5 za kugundisha. Rangi ya kupuliza mikono mitatu myembamba. Mmoja mzito ndio unaolowesha.

Kijana_Malindi: Shukran. Na shingo inayoingia bombani?

Kaskazi: Urefu wake milimita 25, usipungue. Ukiinua roketi kwa pua isichomoke, ila ivutike kwa vidole viwili. Ikibana, parashuti haitoki.