MREJESHO: ile nyumba ya Bamburi, Mombasa, iliyokosa mnunuzi

Salaam wakubwa. Mimi ndo yule dalali nliuliza mbona watu wanaiona ile nyumba ya vyumba vitatu halafu wanaenda zao, mwenye nyumba ashaanza kuninunia. Imeuzika jamani, asanteni sana.

Nlifuata ushauri wa yule mama alonijibu, alosema niache picha kwanza nishughulike na harufu, na wallahi alikuwa na haki, mi nlishaizoea siisikii hata. Kuvuta makabati, ukuta nyuma wote chumvi, plasta inapukutika, fundi akakwangua mpaka kwa mawe tukauacha wiki mbili ukauke kabisa ndo tukapaka nyeupe. Grili tukazipiga msasa na rangi ya kuzuia kutu, fanicha nusu nje, madirisha wazi upepo uingie, watu nikawa nawaleta saa nne asubuhi si mchana wa jua.

Ushauri wa kukagua hati ya nyumba mapema pia imeniokoa, kumbe ilikuwa bado na alama ya mkopo wa benki uliolipwa zamani, ikabidi iondolewe kwanza.

Sasa ukuta wa bafuni umenishinda, mwezi haujaisha chumvi imerudi, unyevu unapanda kutoka chini na rangi haisaidii. Nikamwambia mnunuzi ukweli, akakata laki tatu kwenye bei. Mwenye nyumba naye sikumwambia mapema kuhusu ile kodi ya asilimia 15 ya faida anayolipa muuzaji, alinipigia simu saa tano usiku. Hilo kosa langu.