Mkwawa na Zelewski wanachanana ila sauti hazikai kwenye biti, msaada wakuu

Mnyalu_Dom:
Kamwene wakuu. Kuna kitu tunafanya kujifurahisha tu, hela hakuna humo, vikatuni vya watu wa historia wanachanana mistari, yaani wanatupiana maneno kwa rap. Tumeanza na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Zelewski, yule kamanda Mjerumani aliyeuawa Lugalo 1891, wenyeji walikuwa wanamwita Nyundo. Mi naandika na kuchora niko Dodoma, Mkwawa yuko Iringa (lazima awe Mhehe jamani, la sivyo nisingerudi nyumbani), Zelewski ni jamaa wa Mombasa, msimulizi ni dada mmoja yuko Muscat. Hatujawahi kuonana hata siku moja.

Sasa balaa. Nimewatumia biti ya BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika) kila mtu akarekodi kwake. Mkwawa kanirudishia voisi noti 11 za WhatsApp, biti inalia humo humo nyuma maana aliifungulia kwenye spika, Zelewski anasikika kama yuko ndani ya pipa, na wa Muscat sauti safi kabisa ila mstari wa kwanza uko sawa ukifika wa nne keshaipita biti na kasauti kamekuwa kembamba, mwenyewe anaapa karekodi vizuri. Na hata nikisogeza vipande vikakaa, hawagombani! Mkwawa anafoka, mwenzie kama anasoma taarifa ya habari. Siku ya tatu hii nakata na kuunga, macho mekundu.

fundi_sauti:
Wa Muscat hana kosa, kosa ni lako mkuu. Yeye karekodi sampuli 44,100 kwa sekunde, projekti yako iko 48,000 na programu yako inaisoma faili kama ilivyo bila kuibadilisha, ndo maana inakimbia karibu asilimia 9 na sauti inapanda. Libadilishe faili lake liwe 48,000 itatulia, usimwambie arudie.

Mkwawa arudie. Biti ikishaingia kwenye sauti kuitoa ikabaki safi ni kazi, usijisumbue. Avae iafoni, biti ibaki sikioni, maiki ishike sauti yake peke yake, na asitumie kitufe cha voisi noti kinaminya sauti sana, atumie rekoda ya simu kisha akutumie kama dokumenti. Kabla ya mstari wa kwanza apige makofi manne kwenye biti, we unapanga kofi juu ya ngoma umemaliza. Zelewski mwambie afungue kabati la nguo aingize kichwa na simu humo, au ajifunike blanketi. Mombasa na joto lile atatoka jasho lakini pipa litaisha.

mwana_wa_Kibokoni:
Haya mambo ya kujibizana sisi pwani hatuyaanzi leo, Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alikuwa akirushiana mishororo na watu wa Lamu tangu karne ya 19 na nao hawakukaa chumba kimoja.

Ila ndugu yangu hebu weka hiyo mistari tuione, maana nahisi umejaza maneno. Mshororo wa shairi kwa kawaida ni mizani 16, yaani silabi, na ukiigawa bar moja (mapigo manne ya biti) vipande vidogo vidogo unapata 16 vile vile, kwa hiyo unaingia, lakini kwa BPM 90 bar ni kama sekunde 2.7, silabi sita kwa sekunde na pumzi hakuna. Mtu akikosa pumzi lazima asome kama taarifa ya habari.

Mnyalu_Dom:
Kofi manne, sikuwahi kuwaza! Na ni kweli mkuu, ilikuwa 48,000. Mistari ya Mkwawa ni hii:

Lugalo ulikuja na bunduki na mizinga
Umekufa na mkuki, nani alikukinga?
Fuvu langu limetajwa mkataba wa Versailles
Na we Nyundo gani hata kwa msumari hufai

(Fuvu ni kweli limo, kifungu cha 246, 1919, likarudi nyumbani 1954.)

mwana_wa_Kibokoni:
Hufai! 😂😂 Hiyo ya msumari isiguswe. Ila yote hiyo ni 15, 15, 16, 16. Hizo mbili za mwisho kila moja ipe bar mbili, apumue baada ya "limetajwa" na baada ya "gani", hapo kwenye kimya ndo watu watacheka.

Tchiku_mkorofi:
Mnasahau kubwa. Hawagombani kwa sababu kila mtu anagombana na ukuta. Mi huwa narekodi mistari yote mwenyewe, sauti zote, hata ya kike, vibaya vibaya, nawatumia kama ramani. Afu simpi wa pili zamu mpaka wa kwanza amalize, Zelewski amsikie Mkwawa akimtukana ndo ajibu. Inachelewesha ila ujumbe unafika.

Mnyalu_Dom:
Mrejesho. Nimefanya ya Tchiku, nimejirekodi hadi msimulizi, dada wa Muscat kacheka dakika nzima. Mkwawa karudia chini ya blanketi, nikamtumia wa Mombasa jana usiku. Saa saba kanipigia, hajasalimia: "Huyu mtu wenu ananiita mimi msumari?" Mistari yake ya zamani kaifuta yote anaandika upya.

Sasa anataka bar nane za ziada na mi katuni nshaichora.