Mteja hajalipa ankara tatu, je nidai na riba? Naomba ushauri (niko Leicester)

Kijana_wa_Muheza (mleta uzi): Wakuu habari za jioni. Nina kampuni ndogo ya usafi wa ofisi hapa Leicester. Kuna mteja nilimfanyia kazi Januari, Februari na Machi 2025, kila mwisho wa mwezi nikampelekea ankara ya pauni 2,150. Hii ni Septemba, hajalipa hata moja. Nasikia sheria ya Uingereza inaruhusu kudai riba na fidia. Ni kweli? Na nikidai nitaonekana mkorofi? Usingizi umenipaa, mwenye kujua anisaidie.

Hesabu_za_Watu: Ni kweli. Sheria ni ya 1998, inahusu biashara kwa biashara au biashara kwa ofisi ya umma. Mtu aliyekuita umsafishie nyumba yake haimhusu. Kama hamkupanga tarehe ya malipo, unahesabu siku 30 tangu apokee ankara au kazi ikamilike, lile lililotokea mwisho. Zikipita, riba inaanza: asilimia 8 kwa mwaka juu ya kiwango cha riba cha Bank of England, benki kuu ya huku. Zako zilichelewa nusu ya kwanza ya mwaka, kwa hiyo unatumia kiwango cha 31 Desemba 2024, yaani 4.75. Jumla 12.75. Ni kama peni 75 kwa siku kwa kila ankara, na riba haizai riba. Fidia kwa deni la pauni 1,000 hadi 9,999.99 ni pauni 70 kwa kila ankara, hivyo 210. Mkataba wenu unasemaje?

Mama_Zuhura: Mwanangu, dai jasho lako, Mtume kasema mfanyakazi alipwe kabla jasho halijakauka. Lakini riba usiiguse, hata serikali ikikuhalalishia. Pauni 70 za kumfuatilia mdaiwa mimi sina neno nazo, hizo ni gharama zako.

Vani_Glasgow: Mimi nilibeba vifurushi vya kampuni moja miezi na miezi, kila nikipiga simu mhasibu yuko likizo. Siku nilipoweka fidia kwenye barua, hela ikaingia wiki ileile. Mnaokaa huku Scotland angalieni, mwisho wa kudai ni miaka 5. England ni 6.

Hesabu_za_Watu: Mleta uzi, swali la mkataba umelikwepa.

Kijana_wa_Muheza: Hatukuandikishana. Tulikubaliana kwa WhatsApp, na kazi aliiona.

Hesabu_za_Watu: Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Ila aliyeagiza ni nani, kampuni au mtu? Kwenye ankara umeandika jina gani?

Kijana_wa_Muheza: La kampuni. Mkurugenzi ni shemeji yangu, mume wa dada. Sikutaka kusema kwa sababu najua mtaanza habari za ukoo. Barua nimeshaichapa, iko kwenye bahasha: siku 14, asipolipa naenda mahakamani. Undugu haukunisaidia kulipa mishahara.

Tofali_Tanga: Kumbe! Huku nyumbani nimemuuzia tofali bamdogo tangu nyumba iko msingi, sasa imeezekwa na ananikaribisha chai humohumo. Shemeji huyo atakupa pilau Idi mpaka uone aibu kudai.

Mzee_wa_Busara: Kaeni kikao kwanza. Dada yako ana watoto pale.

Jicho_Kavu: Jamani hamuoni? Kwanza ni mteja, mara kampuni, mara shemeji. Halafu mtu apige deki miezi mitatu bila kulipwa na aendelee tu? Uzi wa kutunga huu. Kesho mtaona tangazo la kukusanya madeni.

Vani_Glasgow: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Kijana_wa_Muheza: Niliendelea kwa kuwa ankara ya Desemba aliilipa kwa wakati, na dada alinihakikishia mambo yatakaa sawa. Aprili nikasimamisha. Daftari la zamu ninalo hapa, jalada limelowa dawa ya sakafu. Kila usiku wasafishaji wangu wameandika saa ya kuingia na ya kutoka, na mlinzi wa jengo kasaini pembeni. Nitunge hilo kwa faida gani?

Hesabu_za_Watu: Hilo daftari ungelitaja mwanzo! Piga picha kila ukurasa, na jumbe zote za WhatsApp zihifadhi. Barua iende kwa jina la kampuni, kwenye anwani yake iliyosajiliwa, usimtaje shemeji kama shemeji. Deni ni pauni 6,450, liko chini ya 10,000, kwa hiyo ni madai madogo na huhitaji wakili. Ada ya kufungua ni pauni 455, ukishinda kwa kawaida anairudisha yeye. Riba unaweza kuiacha ukadai deni na fidia tu.

Mama_Zuhura: Hapo sawa kabisa.

Kijana_wa_Muheza: Riba naiacha ikiwa atalipa ndani ya siku 14. Zikipita, simwachii hata peni. Barua inaenda Jumatatu. Dada bado sijamwambia.

Mzee_wa_Busara: Basi mpigie usiku huu. Asiisikie kwa mumewe.